Umetandika?

Leo nimefungua gunia la maharage, na harufu ya unyevu imenirudisha jikoni kwetu. Tulikuwa tumebaki watoto wanne bila wazazi, na mvua ilikuwa imeanza kuyaotesha maharage yetu ya mwaka mzima. Nilipasha betri za redio kwenye majivu ya moto mpaka ikasema: "Milima ya Usambara, mvua za radi zitapungua. Kesho, vipindi vya jua."

"Tandikeni turubai uani, kesho tuanike maharage!" nikapiga kelele.

"Na mvua hii? Dada, unataka kufuga samaki?" mdogo wangu akacheka.

"Tandikeni!"

Asubuhi tulimwaga maji yaliyojaa kwenye turubai, ukungu ukapasuka, nasi tukaanika maharage tukilishangilia jua kama mgeni.

Hata sasa redio ikitaja jua, wadogo zangu hunipigia simu: "Dada, umetandika?"