Gari Iliyonyimwa Magoti

Mchana ule bado ninauona, mwanangu. Tulikuwa tumepita Kamukuywa, tunaenda Kimilili kwa kukhu wako, nyanya yako mzaa baba, mvua imetoka kunyesha, nawe umefungwa kwenye kiti chako cha nyuma na rinda lako la njano. Kwenye kona moja ambapo lami imemeguka, gari iliruka. Iliruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, na iliposhuka tayari ilikuwa inaangalia mtaro. Babako alipambana na usukani mpaka ikasimama, tairi moja kwenye nyasi. Nikageuka, nikaona damu kwenye rinda. Ulikuwa umejiuma ulimi.

"Hii barabara ni mbaya sana," babako akasema.

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. "Barabara ilikuwa mbaya kabla hujanioa! Ni gari ndiyo imebadilika!"

Nikakufungua, nikakufunga mgongoni, nikaanza kutembea. Babako akatufuata pole pole na gari, dirisha wazi: "Mama Nekesa, si uingie tu, tafadhali." Kina mama waliokuwa wamejikinga mvua kwenye kibanda cha mboga wakapiga kelele, "Usiingie, dada! Wacha anyenyekee kidogo!"

Ngoja nikueleze ilivyoanza. Gari yetu ilikuwa gari ya kawaida ya familia, imezeeka, na kwenye kona ilikuwa inalala upande kama mtu anayesinzia kanisani. Hilo lilimuudhi babako. Marafiki zake walikuwa wameshabadilisha springi za magari yao, na kila Jumapili hadithi ilikuwa ni hiyo hiyo. Basi tukaenda gereji moja hapa Kitale. Fundi alikuwa mtu wa Bungoma kama babako, mmoja wa wale ambao kwao r na l ni ndugu. Akapiga boneti kofi.

"Mzee, nikiweka springi fupi, ngumu, na shoki zake za kuzuia mtikisiko, hii gari haitarara tena! Mtoto atakuwa sarama kabisa."

Hakuuliza tunapita wapi. Nasi hatukumwambia. Neno salama likitajwa pamoja na mtoto, mzazi huacha kuuliza maswali. Hata mimi, na huu mdomo wangu, nilinyamaza.

Na sitakudanganya, mwanangu. Kwenye lami nzuri, gari ile ilipendeza. Ilikata kona imesimama wima.

"Unaona?" babako akasema. "Kama reli!"

"Reli ina njia yake," nikamjibu. "Sisi tunaenda kwa mama yako."

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Fundi alisema kweli, gari haikulala tena. Lakini nawe hukulala tena. Wewe ambaye tangu uzaliwe gari ndiyo ilikuwa ikikubembeleza, hata kabla hatujatoka mjini umeshaachia shingo, sasa ulikuwa unakaa macho safari nzima, umeshika mkanda kwa mikono yote miwili, unaniangalia kana kwamba ni mimi ninayekutikisa. Damu ilikuja baadaye. Hasira yangu ilianzia kwenye yale macho.

Tulipofika Kimilili siku ile ya damu, kukhu wako hakuuliza mengi. Alikufungua mdomo, akaangalia ulimi, akakupoozea uji. Kisha akaenda kuisukuma gari kwa kiganja, mara mbili tatu, kama anayepima ng'ombe sokoni. Haikutikisika.

"Baba Nekesa," akamwita mwanawe, "mguu wa ng'ombe una goti. Hii yako goti mmepeleka wapi?"

Babako akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Maana jambo lenyewe ni hilo. Tairi hushika barabara kwa kuigusa. Springi ngumu ikikuta shimo haijikunji. Inairusha tairi hewani, na tairi iliyo hewani haishiki kitu, hata uwe dereva wa namna gani. Tulirudi gerejini, tukakuta springi zetu za zamani zimetupwa chini ya meza. Zikarudishwa, tukaweka shoki mpya za aina ile ile gari iliyotoka nayo kiwandani, na raba za kwenye viungo vya magurudumu, zilizokwisha, zikabadilishwa. Kumbe gari yetu haikuzaliwa legelege, bana. Ilikuwa imechoka tu. Kwenye kona ikalala kidogo, nawe ukalala kabisa, mdomo wazi, kabla hata ya Kiminini.

Kwa hivyo nisikilize, utakapokuwa na gari yako, au mume, au lolote utakaloambiwa lifanywe gumu ndipo liwe imara. Kwanza uliza limechoka wapi. Kisha uliza litapita njia gani. Anayejenga kwa ajili ya kusifiwa hukaa ndani peke yake mvua ikinyesha. Mungu akupe njia laini, binti yangu, na pale penye mashimo akupe magoti.

Mwenye gereji alitaka tuyamalize haya kwa mdomo, kama majirani. Nikamwambia majirani pia huandika, na sikutoka ofisini mwake mpaka akaigongea barua yangu muhuri wa kupokea. Niliandika hivi:

"Mimi mama yake Nekesa, mkazi wa Kitale, nalalamika rasmi kwamba gereji yenu ilituuzia ugumu ikauita usalama. Nataka kila mteja aulizwe, kabla spana haijashikwa: unapita barabara gani, na unabeba nani? Naambatanisha rinda la mtoto kama ushahidi. Mkishaliona mlirudishe. Bado linamtosha."