Mgawo Sawa Siku ya Kumzika Mama

Mama alizikwa nyumbani Bungoma nami niko ng’ambo, Rooty Hill, mipaka imefungwa, hakuna ndege ya kunipeleka. Mimi ndiye kifungua mimba. Ndugu yangu aliniahidi kwamba jeneza halitateremshwa kabla sijasema neno langu, kupitia simu atakayoishika karibu na kipaza sauti.

Kazi yangu ofisini Parramatta ilikuwa kupanga foleni za intaneti: nani apite kwanza, nani angoje. Sauti ya mtu anayeongea haiwezi kungoja; filamu inaweza. Hilo nilikuwa nikiwafundisha wengine. Lakini mganga hajigangi. Wiki moja kabla ya msiba watoto waligombania mtandao, huyu ana darasa, yule ana mchezo, nikakasirika nikaweka mgawo sawa kwa kila kifaa nyumbani. Nikajisifu kwa haki yangu.

Siku ya mazishi niliomba tukae wote mbele ya kompyuta moja. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea akakwama nasi, alikataa kwa upole.

“Jina langu lionekane, mwanangu. Watasema sikumzika mwenzangu.”

Hakukosea, kwetu waliofika msibani husomwa majina. Basi kila mmoja akaingia kivyake na kamera wazi: mama mkwe kwa tableti, mume wangu kwa simu, watoto kwa kompyuta zao. Laini yetu ilikuwa nyembamba, na mimi, peke yangu niliyekuwa na la kusema, nilipata fungu lile lile la waliokaa kimya.

“Mama,” nilianza. Picha ikaganda.

“Dada, unakatika,” ndugu yangu alisema. “Rudia haraka. Chifu anasema muda tuliopewa wa corona umeisha.”

Nilirudia. Nikarudia tena kwa kupayuka, nikilia, akili imenitoka kabisa, kazi yangu nimeisahau. Binti yangu ndiye aliyekuja mlangoni akauliza kwa Kiingereza kama wengine watoke. Nilikimbia chumba hadi chumba nikizima vifaa, hata kile cha mama mkwe, mkononi mwake.

Niliporudi, picha ilikuwa safi na sauti safi. Ndugu yangu alikuwa ameiacha simu juu ya kiti, ameenda kurusha udongo. Nilimwambia mama yote niliyomwandikia, mpaka mwisho. Wachimba kaburi waliinua vichwa mara moja tu, wakaendelea kujaza.