Betri za Juani

Nikisikia harufu ya betri iliyopata jua, narudi Iguguno, kwenye turubai la kuanikia alizeti ambako baba alianika betri za redio yake zikianza kuchoka. Hakukosa betri za kupigia kaseti moja: tamasha la bendi ya kizamani ya Wazungu, magitaa yakilia kama upepo kwenye debe tupu. Betri zikishapata moto kidogo, tulikaa mkekani. Kaseti ilizunguka polepole, na mwimbaji alikuwa na sauti nzito, ya kujikokota.

"Huyu mzee amezika watu wengi," baba alisema, macho kafumba. "Sikieni anavyovuta maneno."

Watu wa kwenye kaseti walipopiga makofi, nasi tulipiga. Mama pia, mikono ina unga.

Juzi binti yangu kanitafutia tamasha lilelile kwenye simu. Makofi niliyatambua, yako palepale. Lakini mwimbaji ni kijana, sauti nyembamba, anaimba kama anawahi basi. Nikamwambia azime.

"Mama, siyo wenyewe?"

"Ndio wenyewe. Ila hapo wamewekewa betri mpya."