Mluzi wa Runzewe Ulivyofika Lesotho

Kwenye foleni ya benki mjini Kahama, mama mmoja wa Runzewe alituonyesha picha kwenye simu: yuko juu ya farasi huko Lesotho, alikokwenda kumtembelea binti yake.

"Hapo ulipandishwa upigwe picha tu," mwanamume aliyekuwa nyuma yake akamtania.

"Tulizunguka milimani na mwongoza wageni, baba. Mtoni wenzangu wakavuka, farasi wangu akagoma. Nikampigia mluzi wa kunyweshea ng'ombe. Akaingia majini, akanywa, akavuka."

"Farasi wa Lesotho anajua Kisukuma?"

Mama akakunja midomo, akaupiga mluzi humo humo benki. Askari wa mlangoni akaja haraka, nikadhani atamtoa nje.

"Rudia, mama," akasema. "Sijausikia tangu niondoke nyumbani."

Akarudia, kidevu juu. Foleni nzima tukashikwa na kiu.