Ukuta wa Baba

Harufu ya risasi ya kuchomelea nyaya ikiyeyuka kwa fundi simu hunirudisha uani kwetu Usagara. Baba, mgeni kutoka Ngazija, alipigilia vipande vya bati kwenye kuta mbili zinazotazamana, akaviunganisha na redio mbovu kwa nyaya alizozichomelea. Familia nzima ikishikana mikono, kutoka bati hili hadi lile, umeme mdogo ulipita miilini mwetu na ukuta uliimba.

Siku watu wa uhamiaji walipomchukua, aligeuka mlangoni.

“Wanangu, uimbisheni nisikie.”

“Shikaneni! Nyoosheni mikono!” Mama alilia.

Nilijinyoosha mpaka bega likauma. Bati lilikuwa mbali kwa urefu wa mkono mmoja.

“Jamani, mwacheni aje ashike, mara moja tu!” Mama aliwasihi wale watu.

Gari likaondoka. Tukabaki tumeshikana, hakuna aliyethubutu kuachia.