Kumrekodi Dada Redioni

King'amuzi cha nyumbani kwangu kinarekodi televisheni chenyewe. Fundi aliyekuja kukifunga aliniuliza nataka kukipangia kwa njia ipi: kwa saa, yaani kianze saa fulani na kizime saa fulani, au kwa jina la kipindi, ili kipindi kikichelewa na king'amuzi kisubiri. Nilimwambia anifundishe zote mbili, kisha nikabaki nikiitazama rimoti mkononi mwake, akadhani sijaelewa. Nilimwelewa vizuri kuliko alivyojielewa mwenyewe. Ubishi huohuo uliwahi kutokea nyumbani kwetu Kilolo, miaka ya sabini, kati ya mama yangu na baba yangu mdogo, na hakuna aliyeshinda.

Wakati huo televisheni hatukuijua hata kwa kusimuliwa. Tulikuwa na redio ya betri, nayo baba alikuwa akiifunika kwa kitambaa utadhani ni mtoto mchanga. Dada yangu, kifungua mimba wa mama, aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana ya usharika wetu. Mwaka mmoja waliitwa Iringa mjini. Watu wa redio wakaja kanisani na mashine zao, wakawarekodi nyimbo kadhaa. Katika wimbo mmoja, ubeti wa mwisho, wenzake wote walinyamaza na dada akaimba peke yake. Alirudi nyumbani mabega juu, kuosha sufuria hataki, eti moshi wa jikoni unaharibu sauti. Nikawa namwita Redio ili kumkera, na yeye anaitika.

Kisha zikaja zile mvua za Kilolo ambazo nguo haikauki mpaka uivae. Dada akashikwa na kichomi. Tulimbeba kwa machela hadi zahanati, tukarudi naye kwa machela ileile, na wimbo ulikuwa bado haujatangazwa.

Hatukuwa na picha yake. Ipo moja ya darasa lao, lakini mpiga picha alipobonyeza, yeye aligeuka kumcheka mwenzake, ikabaki shavu na kola ya shati. Mama aliishika picha hiyo siku za matanga, akaiangalia, akaiweka chini akisema huyu anaweza kuwa mtoto wa mtu yeyote.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa mwalimu wa kwaya alipokuja. Alikaa pembeni kwanza, akanywa chai, ndipo akasema kwamba wimbo utatoka Jumapili ya wiki inayofuata, asubuhi, katika kipindi cha kwaya. Baba akamuuliza kama watu wa redio wanaweza kutupatia ule mkanda wao. Mwalimu akatikisa kichwa. Alikwisha kuwauliza, nao walimwambia mikanda ni michache, wakishatangaza wanarekodi kwaya nyingine juu yake.

"Kwa hiyo ukipita umepita," mama akasema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Ndiyo, mama."

"Hakuna mashine ya kumshika?"

Baba mdogo ndiye aliyejibu. Alikuwa fundi umeme Mbeya, anakaa mtaa wa Soweto hukohuko, na alikuwa na redio kaseti aliyoinunua Zambia. Nyumba yake ilikuwa na umeme, yetu haina. "Shemeji, hilo niachie mimi," akasema. Jumapili hiyo angekuwa zamu kazini, lakini hilo halikumsumbua. Angechukua saa ya mezani yenye kengele. Saa hizo zina ufunguo nyuma ambao huzunguka kengele ikilia. Angefunga uzi kwenye ufunguo huo, uzi uvute swichi ya umeme, na redio kaseti ikiwa imeshabonyezwa tayari ingeanza kurekodi hata kama nyumba imefungwa na hakuna mtu. Alituchorea kwa kijiti kwenye majivu pembeni ya jiko. Wanaume wakasogea kuangalia, na kwa muda kidogo msiba ukasahaulika.

Mama hakusogea. "Na wakichelewa kuanza?"

"Redio haichelewi, shemeji. Ina saa yake."

"Redio ya nchi gani hiyo?"

Watu wakacheka kwa chini. Mama akaendelea kueleza njia yake, na ilikuwa fupi. Mtu akae na redio. Asikilize. Akisikia muziki wa kufungulia kipindi, ndipo abonyeze.

"Mtu mikono inamtetemeka," baba mdogo akasema. "Mtu analia. Mashine hailii."

"Mashine haimjui," mama akajibu.

Baba, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kukata mkate katikati, akaamua zifanyike zote mbili. Baba mdogo akarudi Mbeya na saa yake kichwani. Sisi tukaazima kwa mchungaji kirekodi cha betri, bapa, chenye vitufe mbele na maikrofoni ya waya. Hakikuwa na redio ndani. Ilibidi maikrofoni iwekwe mbele ya redio yetu, nacho kinase kila kinachosikika chumbani. Baba alikijaribu, tukawasikia kuku wetu wakitetea toka ndani ya kile kiboksi, na mama mkubwa mmoja akatoka nje akisema ule si Ukristo.

Kuanzia hapo baba akawa hashikiki. Jogoo alifungiwa chini ya tenga nyuma ya nyumba. Mbwa alipelekwa kwa jirani. Majirani waliambiwa waje mapema au wasije kabisa. Kila mtu aliapishwa kunyamaza, hata bibi aliyekuwa na kikohozi akapewa asali. Mama ndiye angebonyeza, kwa hiyo alipewa kigoda cha mbele, magoti yake yakigusa meza. Alilijifunza lile jambo la kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona kwake, yeye ambaye hata tochi alikuwa akiniambia nimwashie mimi. Tulifikiria kila kitu. Tulichosahau ni desturi yetu wenyewe.

Kwetu mgeni anayefika msibani habishi hodi. Anaanza kulia tangu njiani, na wenye msiba wakimsikia wanaitikia kwa kulia vilevile. Kumwacha alie peke yake ni kumwambia kwamba kifo hicho hakimhusu. Na alikuwepo mtu mmoja ambaye alikuwa hajafika. Shangazi yetu, dada yake baba, aliolewa kule Usangu, mbele ya Igawa. Habari ilimchelewea kwa sababu mvua zilikata njia, akakosa maziko na matanga.

Jumapili ilipofika kipindi kilichelewa, mama alikuwa sahihi. Matangazo ya vifo hayakuisha. Msomaji alitaja marehemu, akataja ndugu wa kupashwa habari, walioko Tanga, walioko Kigoma, akaanza mwingine. Vidole vya mama vilikaa juu ya vitufe bila kuvigusa. Nilimwangalia baba akiiangalia saa, nikajua anamfikiria mdogo wake na uzi wake. Hatimaye muziki wa kipindi ukapigwa, na mama akabonyeza. Mikono haikumtetemeka hata kidogo.

Zikaimba kwaya nyingine kwanza. Kisha ukatajwa usharika wetu. Wimbo ukaanza, nami nikajaribu kumtafuta dada katikati ya sauti zile, nisimpate. Ubeti wa mwisho wakanyamaza wote, na akawa yeye. Nilikuwa nimejiandaa kulia kimyakimya. Badala yake nilipandwa na hasira. Kama yumo mle ndani mzima hivyo, anavuta pumzi, kwa nini jikoni hayupo?

Hapo hapo tukasikia kilio njiani. Shangazi alikuwa ametembea toka kituo cha basi, na alipokaribia nyumba akasikia dirishani sauti ya yuleyule ambaye yeye alikuja kumlilia. Sijui mtu mwingine angefanya nini. Alilia kwa sauti yake yote, na mama akaitikia.

Hakuamua. Mdomo ulifunguka tu, kama unavyofunguka mkono kudaka kitu kinachoanguka. Baba alimpungia mikono, kisha akaacha kupunga. Wanawake wengine wakadakia, bibi naye, nami pia. Tulipotulia, redio ilikuwa inatangaza kwaya nyingine kabisa.

Shangazi aliingia akaketi chini, matope hadi magotini. Hakuna aliyemweleza kitu siku ile. Baba alikizima kirekodi, akasema tusisikilize mpaka mdogo wake aje na kanda yake, kwa kuwa betri ni za shida. Nadhani aliogopa tu.

Baba mdogo alikuja Jumamosi, na nilipomwona anavyoshuka mlimani nilijua. Hakuwa na ule mwendo wake wa kifundi. Tuliisikiliza kanda yake kwanza. Ilikuwa safi ajabu, hakuna kikohozi wala mlio wa kigoda, na karibu yote ilikuwa vifo. Majina ya watu wa Tanga na Kigoma yalisikika kila herufi. Kisha muziki wa kipindi, kisha kwaya za wengine. Mwishoni mtangazaji akataja usharika wetu, kitufe kikaruka, na upande wa kanda ukawa umekwisha.

"Saa haikukosea," baba mdogo akasema. "Ilianza palepale nilipoipangia." Mama hakumcheka wala hakumkumbusha. Alisema, "Tuweke yetu."

Baba akaiweka. Tulikuwa sisi wa nyumbani, baba mdogo, na shangazi ambaye alikuwa bado anakaa na sisi. Kanda ilikwaruza. Ilileta mtu akijikuna, jogoo akilalamika mbali, kisha kwaya, nyembamba na ya chini. Mama akainama mpaka sikio likakaribia kugusa kile kiboksi. Ubeti wa mwisho ukafika. Dada akavuta pumzi, tukaisikia ile pumzi, na maneno machache ya kwanza yakatoka vizuri kabisa. Kwa mbali kikaja kilio cha shangazi, kidogo, kama cha mtu aliye ng'ambo ya bonde. Halafu kikalipuka kilio kingine, cha karibu, kizito, kikafunika kila kitu. Dada aliendelea kuimba chini yake, na hakuna neno lililoshikika.

Mama aliinua uso. Maisha yake yote hakuwahi kusikia sauti yake mwenyewe ikitoka nje yake.

"Nani huyo anayelia?" akauliza.

Kanda ilikuwa bado inazunguka.

"Mwambieni anyamaze. Namsikiliza mwanangu."

Baba alijishughulisha na waya wa maikrofoni. Baba mdogo alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilitaka mtu mzima mmoja aseme lolote, na niliwachukia wote kwa kutosema.

"Ni mimi, wifi," shangazi akasema. "Nisamehe."

Mama alimgeukia. "Ulishindwa kusubiri kidogo tu?"

"Nilishindwa, wifi."

Kesho yake shangazi aliondoka kurudi kwake Usangu, na mama hakumsindikiza hata hadi uani. Hawakusalimiana tena mpaka mmoja wao alipozikwa. Baadaye baba alinunua kirekodi chetu, na mama akawa anaisikiliza kanda ile karibu kila Jumapili. Ikifika pale alikuwa anageuza uso pembeni na kusema, "Mwanamke yule hakuwa na huruma." Sisi tulikaa naye tukanyamaza. Sauti ile tuliijua wote, maana ndiyo iliyokuwa ikituita kula.