Waliobeba Jeneza la Jamari

Tangu mumewe akiwa hai, Bi Verlene Pettigrew ndiye aliyeongoza wanawake wa mlangoni katika kanisa lao pale Lawndale, Chicago: sare iliyonyooshwa, glavu nyeupe, kidevu juu. Alipowaonyesha watu viti, alijua nani binamu ya nani na nani amekulia kwa nani. Nusu yao aliwafundisha kusoma.

Zamani aliamini risasi huzitafuta nyumba zisizo na malezi. Kisha akaletwa Andre ndani ya jeneza, mpiga kinanda wa kwaya, mtoto mpole, huku walevi wa kona yake wakiwa wazima kabisa. Hilo lilimshangaza Bi Verlene. Akakumbuka kwamba Andre naye alikuwa amebeba jeneza la rafiki yake. Akazidi kuvuta kumbukumbu: aliyelala leo, mara nyingi alikuwa mbebaji wa juzi. Wabebaji walipigwa picha ngazini, picha zikazunguka kwenye simu, na wabaya wa marehemu wakajua nani alikuwa mtu wake wa karibu, wa kuwindwa baadaye.

Sasa ameuawa Jamari, rafiki wa Kentrell. Kentrell, mjukuu wa Bi Verlene, akamfuata bibi yake jikoni.

"Bibi, mama yake Jamari ameniomba nibebe."

"Hubebi."

"Bibi! Si wewe unayesema akina Pettigrew hawakimbii? Nikikaa tu kwenye benchi watanicheka mpaka nizeeke."

"Ndicho ninachotaka. Uzeeke."

Kentrell akatoka akibamiza mlango. Bi Verlene akabaki akikoroga mboga zilizokwisha kuiva. Mtaa mzima ungesema akina Pettigrew wamemkimbia marehemu. Na mjukuu wake akijificha, mkono wa mjukuu wa mwingine ungeshika jeneza pale pale. Akampigia simu msaidizi wake wa mlangoni, Earnestine.

"Tubebe sisi? Verlene, una wazimu? Goti langu linalalamikia hata ngazi za kwangu!"

"Basi shika nyuma."

"Nyuma ndiko kuzito!"

"Ndiyo maana nimekupa wewe mwenye mwili."

Earnestine akacheka mpaka akakohoa.

Kwa mama yake Jamari alikwenda mwenyewe, akamweleza alichokiona. Yule mama akasema, "Basi mbebeni, mama. Hao vijana wabaki."

Siku ya maziko, wanawake wa mlangoni walishika jeneza. Kanisani mle hakuna aliyetoka kabla ya benchi lake kuruhusiwa, na Bi Verlene hakuruhusu benchi lolote. Kwenye ngazi ya kwanza goti la Earnestine likayumba. Kentrell akainuka. Bibi yake akageuka, akamtazama kwa jicho lile la darasani. Kentrell akakaa, machozi yakimtoka.

Nje simu ziliinuliwa juu. Hazikupata sura ya kijana hata mmoja, ila kofia za kanisani na glavu nyeupe.

"Verlene," Earnestine alinong'ona akihema, "kofia yangu imekaa sawa?"

"Imekaa upande. Beba."